Tonge la Mtoto wa Nyemo

Haya nimeyapata kwa Matika, mke wa marehemu kaka yangu, wakati tulipokuwa tunabangua karanga za mbegu, msimu wa pili tangu mvua zirudi. Yeye aliishi Mahata miaka ile yote, aliyaona kwa macho yake. Alinisimulia kidogo kidogo huku karanga zikipungua kwenye ungo, nami nayaandika hivyo hivyo, bila haraka. Mwenye mambo haya hasa ni jirani yake, Sechelela, mama yake Ndahani.

Basi, Mahata ya wakati huo mtu hakufa njaa kwa kukosa shamba. Mashamba yalikuwepo na mtama uliota. Ulipanda ukampita mtu mzima kimo, majani mapana, ukiutazama kwa mbali unasema mwaka huu tutashiba. Lakini jua lilikuwa limezidi ukali, likaunguza maua ya mtama kabla hayajashika mbegu, na masuke yakatoka matupu kama fagio. Watu walikufa wamezungukwa na mabua. Sechelela alimzika mumewe na mabinti wawili kwa njaa ya namna hiyo, akabaki na Ndahani peke yake.

Ndipo Kituo kikaleta chachu. Kituo chenyewe, cha utafiti wa chakula, kilikuwa mjini, mbali, na aliyetumwa Mahata alikuwa daktari, mwanamke bado kijana, jina lake Tusekile. Alikuja na boksi la barafu, ndani yake maji mazito yenye harufu ya udongo wa kichuguu. Hakuwaficha. Aliwaambia humo mna vijidudu vilivyotolewa kwenye tumbo la mchwa, vikafundishwa kuishi kwenye tumbo la mtu. Watu wakatazamana. Mzee Chilewa, ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bila kulitania, akataka kujua kama wakishakunywa wataanza na kujenga vichuguu.

Daktari alicheka naye. Kisha akaomba kunde zilizolowekwa, sindano na uzi, akakaa chini pamoja na kina mama kwenye uwanja wa kupuria, akatunga mikufu miwili. Katika wa kwanza, kila kunde jicho lake lilitazama juu. Katika wa pili, moja ilitazama juu, inayofuata imepinduliwa inatazama chini, hivyo hivyo mpaka mwisho wa uzi. Akawaeleza kwamba kunde moja ni sukari, ile inayotembea kwenye damu, inayompa mtu nguvu ya kuinua jembe na akili ya kukumbuka jina la mwanawe. Mwili hujiwekea akiba yake ndogo kwenye ini, lakini akiba hiyo haimalizi hata siku mbili. Lazima iletwe nyingine. Mkufu wa kwanza ni unga. Wa pili ni bua. Sukari ni ile ile, ila kwenye bua moja imesimama na mwenzake amepinduliwa, na mwili wa binadamu unajua kufungua mafundo ya mkufu wa kwanza tu. Huo wa pili unapita tumboni na kutoka kama ulivyoingia. Mchwa anaufungua kwa sababu ya wageni alionao ndani.

"Mmekaa katikati ya chakula," akasema. "Mlichokosa ni ufunguo."

Chilewa akauliza kama somo limekwisha, maana zile kunde angependa zipikwe.

Wakanywa. Mmoja baada ya mwingine walinyoosha viganja, Sechelela akiwamiminia, kwa sababu chachu ilikuwa imewekwa kwake. Kwenye chupa za Kituo ilikuwa inakufa, ikaonekana inakaa vizuri kwenye kibuyu kilichozoea maziwa ya mgando, kibuyu ambacho hakijawahi kuguswa na sabuni, na mgando wa Sechelela ndio uliokuwa ukisifiwa Mahata nzima wakati ng'ombe wangali wapo. Aliilisha kila asubuhi kwa mabua yaliyosagwa, akaionja kwa ncha ya ulimi kujua kama imechacha inavyotakiwa.

Miezi ya mwanzo matumbo yalivimba na upepo haukuzuilika, hata mazishini. Lakini watu waliishi. Waliyatwanga mabua, wakayachemsha, wakala uji wake mchungu asubuhi na jioni, na mashavu yakarudi. Wenzao wa vijiji vingine waliwaita mbuzi. Chilewa alikuwa anawajibu kwamba mbuzi mwenye pumzi ni bora kuliko muungwana aliyezikwa.

Watoto waliozaliwa baadaye hawakupewa ya kibuyuni. Kule Mahata mtoto hukaa ndani mpaka shingo yake ikaze, na katika siku hizo mtu hambusu wala hamwekei mate. Siku akitolewa nje, bibi mzaa baba hutafuna tonge la ugali na kumtia mdomoni, na hapo ndipo anapopewa jina na kuhesabiwa kuwa wa nyumba ile. Chachu ilikuwa imejificha kwenye mzizi wa ulimi wa kila mtu mzima. Kwa hiyo tonge lile lile lililompa mtoto ukoo lilimpa na wale wa mchwa.

* * *

Nafaka ilirudi mwaka ambao Nyemo, mke wa Ndahani, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Kituo kilikuwa kimepata mbegu ya mtama inayostahimili jua, ikalimwa kusini, na malori yakafika Mahata yamejaa magunia. Matika anasema watu hawakushangilia. Walisimama tu wakiyagusa magunia kwa mikono, na mama mmoja alitoboa gunia kwa kidole, akachukua punje moja, akaiweka kwenye ulimi bila kuitafuna.

Sasa watu wa Mahata wana tabia yao. Ugali wa heshima ni mweupe. Ule wa rangi ya udongo, wa mtama usiokobolewa, kwao ni wa adhabu, na mgeni akipikiwa huo anaelewa kwamba hatakiwi. Kwa hiyo walipopata nafaka baada ya miaka yote ile ya kuitwa mbuzi, hawakutaka mzaha. Waliikoboa, wakailoweka, wakaikoboa mara ya pili, wakaikausha na kuitwanga mpaka unga ukawa kama majivu meupe. Pumba wakawamwagia kuku.

Na mabua wakayachoma. Kila nyumba ilikuwa na rundo lake, wakayakusanya yote uwanjani, na heshima ya kuwasha wakampa Sechelela, maana yeye ndiye aliyewavusha. Aliwasha. Moto ulikuwa mkubwa, watu wakaimba, na Chilewa akautangazia mkutano kwamba tangu leo yeye ni binadamu na atakayemtupia nyasi atamshtaki. Jioni ile Sechelela alikimwaga kibuyu chake nyuma ya nyumba. Alikula ugali mweupe kwa mlenda mpaka akashindwa kunyanyuka, na Nyemo akamcheka, akasema, "Mama, leo umekuwa mtoto wangu wa pili."

Daktari Tusekile hakuwepo. Nafaka ililetwa na madereva tu.

* * *

Wa kwanza alikuwa Chilewa. Alianza kwa kuumwa tumbo, kila mtu akamtania kwamba ni ulafi, naye akakubali ni ulafi. Kisha akaanza kutoka damu. Wakafuata wengine, nyumba hii na ile, na ajabu yake ni kwamba waliougua zaidi ni wale waliokula vizuri. Wazee wawili ambao hawakuwa na mtu wa kuwakobolea, waliokuwa wakila mtama na ganda lake, walikuwa wazima.

Watu wakasema unga una sumu. Wengine wakausamehe unga, wakasema ni majini ya moto. Ndahani akatembea kwenda barabara kuu, akapata gari, akarudi na daktari.

Tusekile alipima, akapapasa matumbo, akauliza walikuwa wanakula nini. Walipomwambia, akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Kisha akawaeleza, na safari hii hakuomba kunde. Akasema utumbo wa mtu kwa ndani una ute, na ute huo nao umejengwa kwa sukari, mikufu mifupi mifupi iliyoota juu ya nyama kama nyasi fupi za malishoni. Hilo ndilo blanketi la utumbo. Ugali mweupe hufunguliwa huku juu, sukari yake huchukuliwa na damu yote, hakuna kinachobaki cha kushuka kule chini wanakoishi wale wa mchwa. Wamekaa siku zote hizo bila kuletewa kitu. Basi wamekula blanketi, na sasa wanakula ukuta.

Kituo hakikujua. Wale panya waliojaribiwa hawakuwahi kunyimwa majani, kwa hiyo hakuna aliyeona. Alisema hilo bila kuinua macho.

Chilewa alikuwa amelala kwenye ngozi pale pale barazani, midomo imempauka. Akasema, "Kwa hiyo daktari, tunaliwa na wageni wetu kwa sababu hatukuwapikia." Hakuna aliyecheka. Alikufa kabla ya kesho yake.

Wakamwuliza daktari kama hakuna dawa ya kuwaua hao wadudu. Ipo, akasema, lakini wakifa wote kwa mpigo, sumu yao inamwagika kwenye damu na mtu anakwenda nao. Kilichobaki ni kuwalisha. Mabua, nyasi kavu, pumba, kitu chochote chenye ule mkufu wa pili. Aliyewahiwa kabla ukuta haujatoboka atapona, ila atawalisha siku zote za maisha yake.

Na mabua yalikuwa majivu.

Mvua ilikuwa imeanza, kwa hiyo nyasi za porini zilikuwa vichipukizi tu, maji matupu. Watu wakapanda juu ya nyumba zao na kushusha paa. Wakaitwanga nyasi ile yenye masizi ya miaka, wakaichemsha. Walikula mikeka, wakala fagio, wakala vikapu vya mbegu. Kanga za pamba zilichanwa vipande na kupikwa mpaka zikalegea. Walimu walitoa madaftari ya shule. Kina mama walipiga magoti kwenye tope walikomwagia kuku pumba, wakichambua kwa kucha, mvua ikiwanyeshea migongoni. Ndani hakukuwa na pa kujikinga.

* * *

Nyemo alifikiwa kwa kuchelewa. Alikuwa ananyonyesha na alikuwa amekula ugali mwingi ili maziwa yatoke. Sechelela alimpikia uji wa paa la jikoni, akampa kijiko kwa kijiko, lakini damu haikukatika, na daktari alipompapasa tumbo likiwa gumu kama ubao akamtazama Sechelela na kutikisa kichwa kidogo sana, mgonjwa asione.

Nyemo aliona.

Mtoto alikuwa kifuani kwake, ananyonya. Daktari, labda kwa kutaka tu kusema neno jema, akamwambia maziwa ya mama ni kitu cha ajabu. Akasema ndani yake mna sukari ya kumlisha mtoto, na mna sukari nyingine ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzitumia. Mwili wa mama unazitengeneza kwa ajili ya vijidudu vidogo vizuri vinavyokaa tumboni mwa mtoto, ili vimlinde.

Nyemo akalifikiri jambo hilo. Akasema, "Kumbe tangu zamani tunalisha wageni."

Daktari akasema ndiyo, ni hivyo.

Aliponyanyuka kwenda kuona wengine, Nyemo akamshika Sechelela mkono. Alikuwa ametoka kijiji ambacho chachu ilifika kwa kuchelewa, na hakuwa na kawaida ya kukizungumzia. Sasa alikizungumzia. Alisema walikuwa wakila udongo wa ukutani, na mdogo wake alikufa akinyonya kidole cha baba yao, shamba la mtama mrefu likiwa pale mlangoni.

"Mama, umtafunie mwanangu," akasema. "Unga huu utaisha. Sitaki alale njaa katikati ya mabua."

Sechelela alimkandakanda miguu, iliyokuwa ya baridi, na hakusema kitu. Katika nyumba ile, mama mkwe akikataa husema. Kwa hiyo Nyemo aliuchukua ukimya wake kuwa amekubali, akafumba macho ameridhika, na Sechelela akamwacha aridhike. Walimzika adhuhuri, amefungwa kwenye shuka la nailoni, maana za pamba zilikuwa zimekwisha.

* * *

Daktari alikaa mpaka maradhi yakatulia. Waliokuwa wa kufa wamekufa, waliobaki wakatafuna nyasi za paa na kungoja za porini zikauke. Siku ya kuondoka alimjia Sechelela na maneno ambayo alionekana ameyazungusha mdomoni kwa muda.

"Mama Ndahani, huyu mtoto hana chachu," akasema. "Ni yeye peke yake kijiji kizima."

Akaeleza kwamba mjini wanaogopa. Watu wa Mahata hawataruhusiwa kuingia huko tena, wala yeyote mwenye wale wa mchwa, kwa sababu wanapita kwa mate, kwa kikombe, kwa kijiko. Lakini mtoto ambaye hajatafuniwa anaweza kupokelewa. Atapata maziwa, atalelewa, ataishi kwa unga kama watu wengine. Akibaki hapa, hata asipotafuniwa, atakula bakuli moja na hawa wote, na kabla hajajua kutambaa atakuwa amewapata. Hakuna njia ya katikati. Na akienda, hatarudi.

Sechelela akauliza kama huko mjini nafaka haitaisha.

"Siwezi kukuahidi," daktari akasema.

Ndahani alikuwa anasikiliza kutoka upande wa pili wa ukuta, maana bila paa kila neno lilisikika nyumba nzima. Akatoka. Kwanza alizungumza taratibu, kwamba mkewe aliacha neno na kila mtu analijua. Kisha sauti ikampanda. Alisema ameshamzika mke, sasa anaambiwa amtoe na mtoto kwa watu waliowaletea mchwa. Alisema mtoto atatafuniwa leo hii, atapewa jina, na daktari aendeshe gari lake aende zake.

"Nyemo mwenyewe alikuomba, Mama. Ulimkubalia."

"Sikumkubalia. Nilinyamaza."

"Ni kitu kimoja."

"Siyo," Sechelela akasema. "Ninyi wote mlinyoosha viganja wenyewe, baba. Hata wewe. Mlikuwa mnajua njaa, mkachagua. Huyu atanyoosha kiganja gani?"

Ndahani akamjibu kwamba hakuna mtoto aliyewahi kuulizwa anataka kuzaliwa wapi na kula nini. Akasema kama ni hivyo, basi hata maziwa asingepewa. Sechelela akanyanyuka, akaenda kuupima unga.

Basi ugali ukapikwa, Matika ndiye aliyeusonga, mweupe, kidogo tu wa kutosha sherehe. Majirani waliobaki wakaja, wakasimama kwenye ua, wachache, wengine wameshikilia matumbo. Ndahani akamtoa mtoto nje kwa mara ya kwanza. Jua likampiga usoni, akakunja sura, akapiga chafya. Daktari alisimama kwenye mlango wa gari, mikono mitupu, hakuja karibu.

Sechelela akakaa kwenye kigoda, akanawa, akamega tonge. Akalitia mdomoni na kuanza kutafuna.

Kawaida bibi hutafuna kidogo, la muhimu lilainike. Yeye alitafuna, akaendelea kutafuna. Mtoto alikuwa ameshawekwa mapajani kwake, mdomo wazi, ulimi unatokeza kama wa kinda. Watu walingoja. Ugali mtupu ukikaa mdomoni muda mrefu hugeuka mtamu. Ni mate ya mtu yanayoufungua unga na kuitoa sukari yake, kila binadamu anayo kazi hiyo tangu kuzaliwa, bila kufundishwa na mchwa. Sechelela aliusikia utamu ule ukianza pembeni mwa ulimi, ukaenea. Aliinama mpaka midomo yake ikakaribia ya mtoto, akasikia pumzi yake, inanuka maziwa ya kopo ya daktari. Ndahani akasogea mbele aone vizuri.

Sechelela akameza.

Aliufungua mdomo ili watu waone hamna kitu. Mama mmoja nyuma akaanza kulia kwa sauti ya chini. Ndahani alisimama kama mtu aliyesahau alikotoka.

"Umekula tonge la mwanangu," akasema.

"Nimelila."

Akanyanyuka na mtoto, akatembea mpaka kwenye gari, akampa daktari. Tusekile akauliza jina lake ni nani, aliandike. Sechelela akamwambia hana. Jina huja baada ya tonge. Ndiyo maana Matika naye, kila alipomfikia katika kunisimulia, alimwita mtoto wa Nyemo tu.

Mtoto alilala kabla gari halijatoka kwenye ua, kichwa kimeangukia mkono wa daktari. Watu wakarudi makwao mmoja mmoja, bila kuagana. Ndahani aliingia ndani, akajilaza kwenye ngozi akitazama ukuta, na mama yake alipomwekea bakuli la nyasi zilizotwangwa hakugeuka. Akamwacha. Baada ya muda akasikia bakuli likikwaruza sakafuni, kisha likatulia, kisha akasikia mkoromo wake.

Yeye akakaa na bakuli lake. Hakuwa na hamu ya kula. Lakini kutokula halikuwa tena jambo lake peke yake, kwa hiyo akala lote, kijiko kwa kijiko, masizi yakimkwaruza kooni. Jua lilikuwa bado halijatua. Akajinyoosha chini, mikono ikiwa kifuani mahali alipokuwa amembeba mtoto, akangoja kulia. Machozi hayakuja. Tumbo likanguruma, kule chini wale wa mchwa wakaendelea na kazi yao, naye akasinzia.